Msalaba Haupitwi

Habari ililetwa Tingi, kijiji cha mlimani, na mchuuzi wa dagaa, hata mzigo hajautua: Valeriani yu taabani kwa homa kule Lipingo kando ya ziwa, kwa mjomba wake Romanus, na anamwita mama yake. Verediana akatupa jembe palepale. Mjane yule alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, basi mlitaka afikiri nini tena? Angeshika njia vilevile, matope ya shamba miguuni.

"Ngoja, Mama Valeriani," akasema Bibi Gertruda, kiongozi wa sala. "Mgonjwa wetu hafuatwi hivihivi. Tutakwenda kwa rozari."

Ndiyo desturi yao enzi zile za Mwingereza, hospitali ikiwa mbali na padre akipita mara mojamoja. Mtu akizidiwa, majirani walitembea mpaka alipo, mstari mmoja, msalaba mbele, wakisali. Kila fumbo la rozari wanapiga magoti. Kila kijito wanasimama, wanaimba. Na msalaba haupitwi! Anayeupita amekata rozari, na rozari ikikatwa, ati mgonjwa naye hapati nafuu. Nani aliwaambia? Si padre. Walijitungia wenyewe, wakayaogopa wenyewe.

Waliondoka asubuhi hiyohiyo. Msalaba aliubeba Bibi Gertruda, na miguu ya Bibi Gertruda ilikuwa imevimba, maskini. Hatua, kisha pumzi. Hatua, kisha pumzi. Verediana alikuwa nyuma yake karibu amkanyage visigino. Salamu Maria zilimtoka mdomoni, lakini moyo ulikuwa umeshafika ziwani.

Kwenye mteremko wa kwanza uvumilivu ukamwishia. "Bibi, nakuomba. Niruhusu nitangulie."

"Utangulie umuue?" Bibi hakuyasema kwa ukali. Alimpenda Valeriani, maana ni yeye aliyempokea siku ya kuzaliwa. "Jikaze, mwanangu. Tukifika na rozari yetu nzima, atainuka."

Jamani, ungekuwa wewe ungefanyaje? Njia ilikuwa pana, na miguu ya Verediana ilikuwa mizima. Lakini aliogopa, akabaki kwenye mstari. Giza likawakuta porini, wakalala. Kesho yake wakaendelea polepole, wakiimba, mpaka wakaliona ziwa.

Romanus alitoka kuwapokea. "Dada," akasema, akamshika mikono yote miwili.

Watu wa Lipingo walikuwa wametoka kumzika. Valeriani alikata roho jana yake, jua likizama. Mchana kutwa alikuwa akiuliza mama amefika wapi, na Romanus akimjibu: yuko njiani, anakuombea.

Verediana alipelekwa kaburini. Alikaa pale juu ya udongo mbichi, hakulia. Bibi Gertruda alilia kwa niaba yake, akalia mpaka wakamshika.

Asubuhi ya kurudi, Verediana aliwachelewesha wenzake kwa makusudi, akingoja mpaka saa ileile waliyoondoka Tingi. Bibi akauinua msalaba, akaanza kwa Jina la Baba. Verediana akampita. Akampita waziwazi, nguo ameikaza kiunoni, akaukabili mlima.

"Mama Valeriani!" wanawake wakapiga kelele. "Unakimbilia wapi sasa? Mtoto si tumemwacha huku?"

"Nataka kujua ningefika lini," akajibu bila kugeuka.

Hakusimama kwenye kijito chochote. Walikoteremka polepole, yeye alipandisha kwa kasi, kifua kikiwaka moto, miguu ikichubuliwa na mawe, na sala hakusali hata moja. Waliompenda walijaribu kumfuata, wakashindwa. Bibi Gertruda alibaki chini kabisa, ameshika msalaba wake, akimwangalia anavyozidi kuwa mdogo mlimani.

Alifika Tingi watu wangali mashambani. Jua lilikuwa bado juu. Verediana akaketi mlangoni pake, akalitazama linavyoshuka upande wa ziwa. Lilikawia sana kuzama. Muda ule ungetosha kumnywesha mwanawe maji, kumshika mkono, kumwambia mama amefika. Hapo ndipo alipolia.