Gauni la Jua

Mimi ni fundi cherehani, na kukaa kitako bila kazi mikononi ni adhabu. Siku ya tamasha la kufunga shule nilifika ukumbini mapema mno, nikapewa kiti cha plastiki cha watoto, magoti yakanifika kidevuni. Dada yangu aliyekuja nami akaniambia nitulie. Nitulie vipi? Mwanangu ndiye aliyekuwa jua.

Binti yangu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake hauna likizo. Siri haikai kwake hata dakika. Wiki mbili nyuma alirudi kutoka shule akaniambia jambo huku nimekanyaga cherehani, nikasikia kwamba kwenye mchezo wa darasa la tatu atakuwa jua. Jua, bwana! Nikaweka kando suti za watu. Nikatafuta satini ya njano, nikashona miale, nikatia waya ndani isimame wima, nikaweka bitana laini isimwashe. Kwa kawaida hasira zangu ziko karibu. Sindano ikikatika, mtaa mzima unapata habari. Lakini siku hizo hata waliokuja kudai nguo zao niliwaonyesha gauni, nikawaeleza mwanangu atakuwa nani.

Kwaya ikaimba, ikamaliza, ikaimba tena. Nikatoka kunywa maji, nikarudi, nikamkanyaga mtu. Nilikuwa nauwaza ule waya: je, ukichomoza ukamchoma shingoni? Dada akasema nikiinuka tena atanifunga kwenye kiti kwa mtandio wake.

Kulia kwangu alikaa mama mmoja, mpishi wa hospitali, ambaye mwanawe alikuwa mfalme katika mchezo huohuo. Akaniuliza wangu ni nani. Nikamjibu kwa maringo yote kwamba ni jua.

"Aa, kumbe ndiye juha," akasema. "Mwanangu anamsifia kila siku. Anatumwa sokoni na gunia, analirudisha limejaa upepo."

Nikamsahihisha: si juha, ni jua, hili la angani. Akanitazama kwa huruma. Akasema mchezo wenyewe ameusikia nyumbani mpaka ameukariri, na jua halimo. Yumo mfalme, waziri, muuza mbuzi, na juha.

Hapo nikaelewa. Cherehani yangu ni kuukuu, inanguruma kama mashine ya kusaga, na siku ile ilikuwa imeimeza ile h. Kumbe nilikuwa nimemvika mtoto miale ya satini aende kuchekwa mbele ya shule nzima! Halafu, ni nani huyo aliyemwona mwanangu anafaa kuwa juha? Damu ikanichemka. Nikainuka kwenda kumtoa. Dada akanishika koti, nikajichomoa. Mwalimu aliyekuwa mlangoni pa jukwaa akanizuia, akasema nimechelewa, watoto wameshaingia.

Kweli walikuwa wameshaingia. Chiriku alikuwa katikati ya jukwaa, njano tupu, miale imemzunguka kichwa. Kisha pembeni kikasikika kicheko kimoja, kile cha dharau. Mfalme naye, mtoto wa watu, akasahau maneno yake akabaki kumkodolea macho. Nikamwona mwanangu akimeza mate. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mfalme, usishangae," Chiriku akasema. "Uliniambia niwahi kabla jua halijatoka. Nikaona nilivae kabisa, lisije likatoka bila mimi."

Watu wakaangua kicheko mpaka viti vikasogea. Mpishi alikuwa akijifuta machozi. Kuanzia hapo kila Chiriku alipogeuka, miale ikimgonga waziri, walicheka upya, na mwisho walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Mimi nilibaki pale mlangoni, sijui nicheke au nilie.

Tulimkuta uwanjani, jasho linamtiririka. Nikamwuliza kama alijua kwamba nimekosea.

"Nilijua," akasema. "Tangu uliponunua kitambaa."

Sauti ikaanza kunipanda. Nikamwuliza ilikuwaje asiseme, yeye ambaye akiona paka amepiga chafya lazima atutangazie. Tena aibu ile angeipata yeye, si mimi. Akayaacha maneno yangu yapite, kichwa chini, akichezea ncha ya mwale mmoja uliopinda.

"Ulipokuwa unashona jua, baba, hukunifokea hata siku moja," akasema. "Nikaogopa nikikuambia, utaanza tena."

Dada akageuza uso, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi nikapiga magoti mchangani nyuma ya mwanangu nimvue gauni, maana alikuwa anaungua kwa joto. Kifungo cha kwanza kikanishinda.