Mwamba Mtupu

Karatasi ilisema "mwamba mtupu, hauna kiumbe hai", na chini pameachwa mstari wa sahihi ya jirani. Jirani mwenyewe ni Bi Chupa, aliyeosha vyombo vya maabara ya shule miaka thelathini hadi jina lake halisi likasahaulika. Akisaini tu, mwamba unamwagiwa zege, hoteli ipate bwawa la kuogelea. Bwawa, kando ya bahari! Watu wengine akili zao wanazijua wenyewe.

Karatasi ililetwa na mpimaji, mume wa binti yake, mtu mpole anayewaogopa mabosi kupita kiasi. Alikuwa amepima asubuhi hiyo saa nne, saa za kazi, maji yamejaa pomoni. Aliona povu, akaandika alichokiona. Bi Chupa hakumgombeza. Alimwambia avue viatu, asubiri maji yapwe saa kumi. Mkwe akasema saa kumi ofisi inafungwa. Mama mkwe akamjibu kwamba bahari haijapewa taarifa hiyo.

Saa kumi vidimbwi vilikuwa wazi, maji yake maangavu. Bi Chupa alitangulia peku, akamfundisha sharti lake moja: jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, maana walio chini yake hawawezi kukaa juani. Mkwe aligeuza la kwanza. Chini yalikuwa yamebandikana mayai ya konokono, na kaa mdogo akamtunishia misuli. Akasahau kulirudisha, akashika kalamu. Akaandika kaa, samaki nyota, jongoo bahari. Pweza alinyoosha mkono kutoka shimoni, akaipapasa kalamu, na mpimaji akacheka bila kutaka.

Kisha kicheko kikamwishia. "Mama, nikiipeleka hii, kazi sina."

Bi Chupa aliingiwa na huruma. Aliwafikiria binti yake na wajukuu, na moyo ukamuuma kwelikweli. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi. Tangu lini mtu anaambiwa aseme nyumba haina watu, na watu wanamtazama mlangoni?

"Mwanangu, mkikosa chakula mtakula kwangu," alisema. "Ila uongo huu mimi sisaini. Hata wakinimwagia zege mimi mwenyewe."

Maji yalianza kurudi, yakawafika vifundoni. Hakuna aliyesogea. Mpimaji aliiweka karatasi gotini, akafuta maneno "mtupu, hauna kiumbe hai" kwa mstari mnene. Akaorodhesha viumbe wote aliowaona, akatia sahihi yake. Akainama, akalirudisha lile jiwe upande wake, bila kukumbushwa.

Bi Chupa akaipokea kalamu iliyolowa. Kwenye mstari wa jirani akaandika jina lake halisi, lote, mpaka la babu yake, kwa herufi kubwa.