Kompyuta ya Basi la Taratibu

Fundi alikuwa amelala chali chini ya dashibodi, chembe za vioo zikimchoma mgongoni, mkononi ameshika draya ya saluni aliyoazima kwa jirani. Injini ya basi ilikuwa ikinguruma vizuri tu. Akaelekeza hewa ya moto kwenye kompyuta yake, kile kisanduku cha bati kinachoiamuru iwake, inywe mafuta kiasi gani, izime. Dakika ya nne injini ikakata ghafla. Akanyoosha mkono kuujaribu usukani: umekuwa mzito.

"Umeona, bosi?" alimwambia meneja aliyesimama mlangoni. "Ikipata joto inakata. Ikipoa inawaka kana kwamba haijafanya kitu. Ndivyo ilivyomzimikia mdogo wangu kwenye kona."

Alifurahi, masikini. Mdogo wake, dereva wa basi hilo, alikuwa na siku kumi na moja mahabusu kwa kosa la kuua abiria wawili kwa mwendo kasi. Na huyo ndiye ambaye abiria walimbandika jina la Taratibu. Walisema ukipanda basi lake, waage wa nyumbani kama unayehama.

Desturi ya gereji ilikuwa moja: fundi akigundua jambo, wa kwanza kuambiwa ni meneja. Basi akamwambia yeye, kabla ya mkaguzi wa serikali aliyetarajiwa kesho yake.

"Nani mwingine ameona?"

"Mimi na wewe tu."

Meneja akaenda ofisini, akarudi na daftari la hitilafu. "Soma."

Taratibu alikuwa ameandika mara nne, kwa mwandiko wake wa kukandamiza kalamu: injini inazimika njiani. Chini ya kila mstari yalifuata maneno ya fundi, dada yake: limepimwa, halina tatizo. Na saini.

"Nilipima alfajiri, injini ikiwa baridi," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyetaka magari yatoke kabla ya saa kumi na mbili. Nilikuomba nilizungushe kwanza lipate moto, ukasema hakuna muda."

"Hilo limeandikwa wapi?"

Halikuandikwa popote.

"Sikiliza, mama. Kompyuta ikionekana mbovu, mkaguzi atauliza nani aliipitisha. Taratibu atatoka, utaingia wewe. Na yule mama yenu asiyeinuka kitandani, atageuzwa na nani?" Akaweka kisanduku kipya, alichokuja nacho kutoka ofisini, juu ya kiti cha dereva. "Funga hiki. Cha zamani nipe mimi."

Alimchukia. Lakini alijua anakaangwa kwa mafuta yake mwenyewe. Akachomoa waya wa betri, akafungua skrubu sita, akafunga kipya, akakitambulisha na ufunguo wa basi ili kikubali kuwasha. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kufanya kazi safi kuliko hiyo.

Asubuhi mkaguzi alikuja na askari, na Taratibu katikati yao, pingu mikononi, shati ni lile lile la siku ya ajali. Alipomwona dada yake uso ukamchangamka.

"Afadhali ni wewe, dada. Waambie! Huwa linazima likipata moto. Lipashe waone."

Mkaguzi akakubali. Fundi akawasha draya. Dakika ya nne ikapita. Ikapita ya kumi. Injini ikanguruma tu.

"Ongeza kidogo, dada."

Akaongeza. Plastiki ya pembeni ikaanza kunuka. Ilipotimu dakika ya ishirini, mkaguzi akatazama saa yake.

Taratibu aliacha kuisikiliza injini. Sasa alikuwa akiutazama mguu wake wa kulia.

"Mara nne uliniambia gari ni zima, nikabisha," alisema polepole. "Labda ni mguu huu uliokanyaga mafuta. Mashine ingenisingizia, lakini wewe huwezi, dada. Kumbe ni mimi. Kumbe ni mimi niliyewaua wale watu."

Dada yake alifungua kinywa. Meneja alisimama nyuma ya mkaguzi, daftari kwapani, akimtazama bila kupepesa. Fundi akakifunga, akazima draya.

"Mtuhumiwa amekiri mwenyewe," mkaguzi alimwambia askari. "Andika."

Askari alijipapasa mifukoni, hana kalamu. Meneja akampa yake.