Fomu Ilijaa

Mwaka jana walikuja wagonjwa sitini kwa nafasi ishirini za upasuaji wa macho, nikatukanwa mimi karani. Safari hii niliiweka fomu ya mtandaoni ijifunge yenyewe ikifika ishirini. Ikajaa kwa dakika tisa. Shangazi yangu, anayepapasa ukuta kwenda chooni, akapiga simu kutoka huko mbali kuomba nafasi. Nikamkatalia. Fomu haijui undugu!

Siku yenyewe wakaja wazee sita tu. Kumbe watoto wa kila mzee walimwandikisha mzazi yuleyule, kila mtoto kwa simu yake, na mimi mjinga majina sikuyasoma!

Gari la daktari wa macho, anayekuja mara moja kwa mwaka, likitoka getini, shangazi akapiga tena.

“Mwanangu, bado kumejaa?”

Nikayatazama mabenchi matupu.

“Kumejaa, shangazi.”