Mpangaji Bado Yumo Ndani

Shangazi aliingia dukani kwa Fundi akihema, kompyuta ya mumewe ameikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Mwanangu, nimekwisha! Nimefuta kitabu cha mzee!"

Miaka tisa mzee alikuwa akikiandika kitabu hicho. Leo yuko hospitali anatolewa bandeji machoni, saa tisa anarudi, na daktari alishasema wazi: kusoma atasoma kidogo, kuandika tena asahau. Na Shangazi, mwanamke asiyevumilia hata chembe ya vumbi, kaona mashine inajikokota akaamua kuifagia. Usafi gani huo, jamani!

"Hata kwenye pipa la taka nimefuta," alisema.

"Tulia. Kompyuta ni mvivu." Fundi, binti wa kaka yake, alikwishashika bisibisi. "Ukiiambia futa, inabandua jina mlangoni tu. Mpangaji bado yumo ndani, mpaka aje mwingine apewe chumba chake. Umeingiza kitu tangu ufute?"

Shangazi akatazama viatu vyake. "Nyimbo za kwaya. Kama mia mbili hivi. Si nafasi ilikuwa imepatikana?"

"Mama yangu wee!"

Fundi akachomoa diski, akaiunganisha na mashine yake, isomwe tu, isiandikwe hata nukta. Sahani zilizo ndani ya diski zikaanza kuzunguka na kuvuma. Programu ikapita chumba kwa chumba. Kwaya. Kwaya. Kwaya tena. Fundi akaisogelea skrini. Kazi hii aliipenda kuliko chakula. Mara, Sura ya Tatu!

"Huyo!" akapiga meza.

Sura ya Kumi! Kila sura ilikuwa na faili lake, zimetawanyika huku na huko, na kila moja ilipochomoza walipiga kelele wote wawili, hadi muuza viatu wa jirani akachungulia kuuliza nani kafunga bao.

Ikabaki ya ishirini na mbili, ya mwisho. Asilimia tisini na nane. Tisini na tisa. Shangazi kafumba macho.

"Imo! Zote zimo!"

Shangazi akaruka, umri kausahau. Fundi akafungua ukurasa wa kwanza kuhakikisha, akausoma kwa sauti:

"Kwa mke wangu, ambaye hajawahi kutupa hata kipande kimoja cha karatasi yangu."

Shangazi akakaa chini. Machozi yakamtoka, na kicheko nacho kikamtoka.

"Mwanangu," alinong'ona, "huo ukurasa mmoja tu, huwezi kuupoteza?"