Baiskeli za Mtukufu Hashibi

Nchi ya Pandashuka ilikuwa mlima mmoja: kileleni kasri ya Mtukufu Hashibi, yenye vioo vingi hata jua likichomoza lilianzia kwake, na bondeni raia zake, waliopandishwa kila alfajiri kwa mabasi yake kwenda kumpikia, kumfulia na kumwagilia maua, kisha wakateremshwa jioni wamekwisha kama kipande cha sabuni. Barabara ilikuwa yake, na hata foleni aliiona kuwa mali yake.

Madereva, wakiongozwa na Ngwali, waliposema huenda wakagoma hadi wapewe siku ya kupumzika, Mtukufu alicheka. Akamwaga bondeni maelfu ya baiskeli nyekundu, bure, pamoja na amri iliyobandikwa kila mahali: yeyote atakayemzuia mwendesha baiskeli, awe nani, atafungwa. Alipiga hesabu: raia wakifika kazini, mgomo umekufa, na madereva wote watafukuzwa nchini.

Mashavu, mke wa Ngwali na mfuaji wa kasri, naye alipokea yake.

"Mama Chausiku," mumewe alisema, "ukiipanda hiyo, umenifukuza wewe."

"Ukiona kobe kainama, Baba Chausiku, ujue anatunga sheria."

Jioni ile wanawake walikawia bombani kuliko kawaida.

Asubuhi mabasi hayakuwaka. Ndipo baiskeli zikaanza kupanda, na lo, mlima mzima uligeuka mwekundu! Hapakuwa na wimbo wala kelele. Zilisikika pumzi na minyororo tu. Mashavu alikuwa mbele. Walipofika kasrini hawakuingia. Walianza kuizunguka.

Chai ilipochelewa, Mtukufu alitoka na gari lake. Mlinzi akalisimamisha langoni.

"Waondoe."

"Mtukufu, amri yako inakataza kuwazuia."

"Basi nitangoja wapite. Wa mwisho yuko wapi?"

Mlinzi alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Hayupo, Mtukufu. Wanazunguka."

Ngwali alifika kwa miguu, akihema, machozi yakimtoka bila haya. Mashavu alipunguza mwendo, na mumewe akarukia kiti cha nyuma. Walipopita langoni kwa mara nyingine, Mtukufu Hashibi alikuwa akishuka garini, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akitafuta mwanya.