Herufi Ishirini na Nne za Fundi Darwesh

Fundi Darwesh alianza kuchonga milango ya nakshi kabla hajaota ndevu, na Bagamoyo nzima ilimjua kwa mambo mawili: mkono wake na ukali wake. Juma lile ukali ulimwangukia bintiye, Mayasa. Mtoto yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Shule imesema mtihani wa mwisho wa mwezi ukimshinda, atarudishwa la pili, akakae dawati moja na mdogo wake.

"Mvivu tu huyo," Darwesh alimwambia Mwalimu Vicky, aliyemfuata karakanani.

"Si mvivu, fundi. Herufi zinamchanganya akiziangalia. Akizichora mchangani kwa kidole, anazikumbuka. Nichongee zote ishirini na nne, mfereji uwe na kina, kidole kipite."

Akamwachia karatasi zenye herufi alizozichora mwenyewe, kila moja na yake. Darwesh alizipokea kwa unyonge usio wake.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Bwana huyu, aliyechonga aya na majina ya watu kwenye milango ya nusu ya mji, hakujua kusoma hata moja. Mteja huleta maandishi kwenye karatasi nyepesi, yeye huigandisha kwenye ubao na kufuata mistari. Mara moja aliigandisha kifudifudi, "Karibu" ya nyumba ya wageni ikatoka kinyumenyume, mtaa mzima ukaja kucheka. Akasingizia homa. Tangu hapo kila mteja huambiwa atie alama nyekundu upande wa juu, eti ndiyo desturi ya ufundi.

Mwalimu Vicky hakuambiwa, na karatasi zake hazina alama. Kufika Alhamisi, fundi alikuwa amechonga zile alizozibahatisha, na sita zimemshinda. Mayasa akaingia na chakula chake cha mchana.

"Hebu njoo, mama. Hii juu yake wapi?"

Mtoto aliitazama karatasi, mkono ukakimbilia sikio lililozoea kufinywa. Darwesh alichomwa moyoni. Aliutambua mkono ule. Ulikuwa wake, chuo cha Kurani kwa maalimu, miaka thelathini nyuma.

"Usiogope. Hata mimi sijui."

"Baba hujui?"

"Sijapata kujua hata siku moja, mwanangu. Na nimekuonea bure."

Mayasa alipiga magoti, akafumba macho, akachora kwenye unga wa mbao. Shuka, panda, zungusha tumbo. Akafuta, akarudia, kisha akaigeuza karatasi. Zilipokwisha zote sita, akakishika kidole kinene cha baba yake na kukitia kwenye mfereji wa herufi iliyokwisha kuchongwa.

"Usiangalie, baba. Pitisha tu."

Siku ya matokeo Mwalimu Vicky alikuja mbio. Mayasa alisoma polepole, kidole kikichora juu ya dawati, mistari mitano kati ya minane. Imetosha, harudishwi la pili. Darwesh aliugeukia ukuta, akajifanya anatafuta patasi.

"Ila fundi, herufi zangu nimezihesabu, ziko ishirini na tatu. Mayasa anasema nikuulize wewe."

Darwesh alitia mkono mfukoni mwa shati, akatoa kibao cha D, kingo zimeshaanza kung'aa kwa kushikwashikwa. Hakumpa.

"Yako nitakuchongea nyingine, mwalimu," alisema. "Hii ndiyo inayoanza jina langu, na ndiyo kwanza nimeizoea."